Teke la Mzunguko na Maumivu Yake: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwanafunzi akija na kilio cha goti baada ya mazoezi ya mateke, muulize kwanza ni la mguu upi: unaopiga au unaosimamia. Katika teke la mzunguko, ambalo wanakarate huliita mawashi geri na wanataekwondo dollyo chagi, macho ya wote huwa kwenye mguu ulio hewani. Makosa mengi, hata hivyo, huanzia kwenye ule uliobaki chini, na ndiyo maana mtu anaweza kuchua nyonga miezi mitatu wakati tatizo liko kwenye kisigino cha upande wa pili.

Teke lililo sawa huenda hivi. Uzito unahamia mguu wa mbele, sehemu nene ya wayo iliyo nyuma tu ya vidole. Goti la mguu wa nyuma linapanda likiwa limekunjwa, kisigino kikikaribia kalio. Kisigino cha mguu wa kusimamia kinazunguka kuelekea shabaha: kwa teke la kiunoni angalau nyuzi 90, kwa la kichwani karibu 180. Nyonga inapinduka, goti linatazama shabaha, ndipo muundi unafyatuka. Baada ya kugonga, goti linakunjwa tena kabla mguu haujashuka. Wapigaji wa Muay Thai, ndondi za Kithai, hawafyatui goti namna hiyo. Wao huzungusha mguu mzima na kugonga kwa muundi. Kanuni za mguu wa kusimamia ni zilezile kwa wote.

Kabla ya kurekebisha chochote, rekodi video. Simamisha simu juu ya kiti, usawa wa nyonga, nyuma ya mpigaji. Kisha ihamishie ubavuni. Mateke matano ya polepole na matano ya kasi yanatosha. Halafu mwambie aoneshe panapouma kwa kidole kimoja. Anayeweka kidole juu ya nukta moja ya mfupa na anayepangusa eneo zima kwa kiganja hawana tatizo moja, hata wakitumia maneno yaleyale kulieleza.

Goti la mguu wa kusimamia linauma, hasa upande wa ndani

Hili lipewe muda kuliko mengine yote, kwa sababu likipuuzwa huweza kuishia kwenye upasuaji. Chanzo ni wayo kuganda sakafuni huku nyonga na kiwiliwili vikizunguka. Msokoto huo lazima uende mahali. Kifundo cha mguu kinazunguka kidogo sana, na goti limeumbwa kukunjwa na kunyooshwa. Halikuumbwa kusokotwa likiwa limebeba mwili mzima. Mzigo unaangukia kano ya ubavu wa ndani wa goti, meniski (gegedu mbili zinazokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi), na siku mbaya zaidi kano ya msalaba ya mbele.

Kipimo: chora mstari wa chaki kutoka ulipo wayo wa kusimamia hadi chini ya begi la kupigia mateke. Kama mnafanyia nje, kijiti na mchanga vinatosha. Piga teke la kiunoni, kisha ubaki hapo, mguu uliopiga ukiwa bado umekunjwa hewani. Tazama chini. Kisigino kinatakiwa kiwe kimevuka ubavu, kinaelekea begi. Kama bado kinatazama ukuta wa nyuma, umepata jibu.

Kwa nini hakizunguki? Mara nyingi uzito uko kisiginoni. Mpenyezee mwenzako kipande cha karatasi chini ya kisigino anapoinua goti. Karatasi ivutike bila kuchanika. Isipovutika, hata umfokee "zungusha mguu" mara mia, hawezi, kwa sababu amesimama juu ya breki. Wengine huzunguka, lakini wamechelewa: kwenye video utaona kisigino kikiruka kidogo baada ya kishindo. Hao waanze kwa kukanyaga nje kidogo, kama nyuzi 45, vidole vikiwa vimeshageuzwa kabla nyonga haijaondoka.

Halafu kuna sakafu, ambayo walimu huisahau. Viatu vya kukimbilia vyenye soli ya meno hushika saruji kwa nguvu kabisa. Vikimfaa mtu barabarani, havimfai kwenye mateke. Mikeka ya sponji ya kuunganisha ikiwa laini sana, wayo unazama na kugoma kugeuka, na kidole gumba kinaweza kunasa kwenye kiungio kilichoachana. Saruji yenye chenga hushika ngozi ya mguu mtupu. Kwenye sakafu za namna hiyo shusha urefu wa teke hadi pajani, na badala ya kuusokota wayo, uinue: mruko mdogo wa kimo cha sentimita moja au mbili, wayo utue ukiwa tayari umegeuka.

Marekebisho ni ya kuchosha lakini hayana mbadala. Shika ukuta kwa mkono mmoja. Hesabu moja: goti juu na kisigino cha chini kigeuke kwa pamoja. Mbili: nyoosha polepole. Tatu: kunja. Nne: shusha. Mara 10 kila mguu, seti tatu, kwa wiki mbili bila kugusa begi. Anayerudi kwenye begi mapema hurudi na kosa lake.

Goti likitoa mlio wa "pwa" na kuvimba ndani ya saa chache, likikwama lisinyooke, au likilegea unaposhuka ngazi, mazoezi yamekwisha kwa siku hiyo na zinazofuata. Mtu huyo aende hospitali yenye daktari wa mifupa.

Goti la mguu unaopiga linauma, begi halijaguswa

Maumivu yako nyuma ya goti au chini ya kilegesambwa, na huja siku za kupiga hewa. Begi hupokea kasi ya mguu. Hewa haipokei kitu. Mguu unaofyatuliwa kwa nguvu zote bila shabaha unasimamishwa na kano za goti lenyewe, na goti linanyooka kupita kikomo chake. Darasa zima likihesabu "moja, mbili, tatu" kwa sauti, kila mtu hutaka teke lake lisikike likipasua hewa. Hapo ndipo magoti huharibika.

Hewani piga kwa kasi ya asilimia 70 hivi. Acha goti likiwa na mkunjo mdogo, nyuzi 10 hadi 15, mwisho wa teke. Mrejesho uwe na kasi sawa na mpigo, kwa sababu misuli ya nyuma ya paja ndiyo breki ya goti, na breki hiyo hufanya kazi vizuri zaidi pale unapokusudia kurudisha mguu. Nguvu zote ziwekwe kwa ajili ya begi na pedi anayoshika mwenzako.

Kwa kijana wa miaka 10 hadi 15 anayeonesha uvimbe mgumu chini ya kilegesambwa, pale kano inaposhikana na mfupa wa muundi, chanzo kwa kawaida ni mfupa unaokua kuvutwa mara nyingi mno na misuli ya paja. Punguza miruko na mateke ya kufyatua hadi maumivu yatulie. Kumlazimisha apige magoti kwenye saruji kama adhabu ni kumuumiza mara ya pili.

Nyonga inabana mbele mguu unapopanda

Hapa watu hukimbilia kunyoosha misuli, wakati kinachozuia mara nyingi ni mfupa. Jaribu mwenyewe: simama wima, shika kiti, vidole vya miguu yote miwili vitazame mbele, kisha inua mguu mmoja ubavuni ukiwa umenyooka. Utakwama mapema, kwa wengi karibu na nyuzi 45, na hisia ni ya kugonga kitu kuliko kuvuta. Sasa geuza kisigino cha chini, inamisha nyonga mbele kidogo kama anayetaka kusukuma mlango kwa makalio, na uinue tena. Mguu unapita pale ulipokwama, ingawa misuli ni ileile. Kilichobadilika ni namna kichwa cha mfupa wa paja kinavyokaa ndani ya tundu lake.

Anayebanwa mbele ya nyonga anapiga teke la juu akiwa amesimama wima kama askari wa gwaride. Dawa yake ni kupindua nyonga, na kukubali kiwiliwili kiegemee upande wa pili kwa kiasi. Kuna pia maungo ambayo tundu lake ni la kina na hayatafika kichwani hata kwa miaka ya kunyoosha. Mtu huyo apige mbavu na paja. Mapambano huweza kuamuliwa huko pia, na kutamani teke la kichwa kwa ajili ya picha kumeharibu nyonga nyingi zisizokuwa na hatia.

Mlio wa "tik" usiouma, mbele au ubavuni mwa nyonga, ni kano inayoruka juu ya mfupa. Uache. Ukianza kuambatana na maumivu, punguza idadi ya mateke kwa nusu na ufanye mazoezi ya kuinua goti polepole kwa kamba ya mpira.

Kinena kimevutika, au nyuma ya paja kumekatika kama kamba

Kinena huumia mguu unapofunguka upesi kuliko misuli ya ndani ya paja inavyoweza kuachia. Nyuma ya paja huumia pale teke linaponyooka juu, nyonga ikiwa imekunjwa na goti linanyooka kwa wakati mmoja. Vyote viwili hupenda dakika kumi za kwanza za mazoezi na kumi za mwisho: mwili baridi, au mwili uliochoka.

Kupasha mwili moto kuna mpangilio. Dakika tano za kukimbia mahali au kuruka kamba. Bembeza mguu mbele na nyuma mara 10 hadi 15, kisha ubavuni idadi hiyohiyo, kila bembeo ikipanda kidogo kuliko iliyopita. Zungusha goti lililoinuliwa mara 10 ndani, 10 nje. Mateke 10 ya pajani kwa nusu kasi, 10 ya kiunoni, ndipo yale ya juu. Kukaa kwenye msamba dakika mbili kabla ya mapambano kunapunguza nguvu ya misuli kwa muda. Kunyoosha kwa kutulia, sekunde 30 mara mbili au tatu kila upande, kuwekwe mwisho.

Unyumbufu bila nguvu hausaidii sana, kwa hiyo ongeza mazoezi mawili, mara mbili kwa wiki. La kinena linaitwa zoezi la Copenhagen: lala ubavu, mguu wa juu uwekwe kwenye benchi au ushikwe na mwenzako gotini, inua mwili hadi unyooke kisha lete mguu wa chini juu ukutane na wa juu, mara 6 hadi 8, seti mbili. Anayeanza ashikwe gotini na si kifundoni, maana tofauti ya uzito ni kubwa. La nyuma ya paja: piga magoti juu ya kitu laini, mwenzako akubane vifundo, shuka mbele polepole ukiwa umenyooka kutoka goti hadi bega, jipokee kwa mikono. Mara 3 hadi 5 zinatosha mwanzoni, na kesho yake utaujua ukweli wake.

Kijana wa miaka 13 hadi 17 anayesikia mlio mbele ya nyonga au chini ya kalio katikati ya teke, kisha akaanza kuchechemea, apigwe eksirei. Katika umri huo kano huwa na nguvu kuliko sehemu ya mfupa inayokua, na kipande cha mfupa huweza kung'oka pamoja nayo. Msamba wa kusukumwa na mwalimu kwa mabega ni njia nyingine ya kufika hukohuko.

Juu ya wayo kumevimba, au kidole kimejikunja

Juu ya wayo kuna mifupa mitano mirefu na myembamba isiyo na nyama ya kuilinda. Ikikutana na kiwiko cha mpinzani aliyeshusha mkono, kiwiko ndicho kitakachoshinda. Sababu ya kawaida ni umbali: mpigaji yuko mbali, mguu unafika kwa ncha. Nyoosha mguu polepole kwenye begi bila kupiga. Mahali pa kugusa pawe sehemu ya chini ya muundi, au kwenye mkunjo wa kifundo, huku kifundo kimekazwa na vidole vimeelekezwa chini. Mguu ukigusa kwanza karibu na vidole, sogea mbele nusu hatua.

Vidole vinavyojikunja ni ugonjwa wa teke la mbele, mae geri. Pale vidole vinavutwa nyuma na kinachogonga ni sehemu nene iliyo nyuma yake. Zoezi: simama, inua visigino, vidole vibaki chini, umbo hilo la wayo ndilo la kubeba hewani.

Kumwahisha mtu kwenye eksirei kuna vigezo vyepesi. Hawezi kutembea hatua nne; au anaumia akibonyezwa nyuma ya nundu za kifundo, ndani au nje; au akibonyezwa kwenye nundu ya ukingo wa nje wa wayo, katikati kati ya kisigino na kidole cha mwisho; au juu ya mfupa uliojitokeza kwenye ukingo wa ndani, juu ya tao. Dalili moja tu kati ya hizo inatosha. Asivutwe na kuungwa na mtu yeyote kabla picha haijaonekana.

Muundi

Maumivu ya muundi ni ya aina tatu. Uvimbe na wekundu mahali palipogongwa, unaopungua baada ya siku chache, ni mchubuko wa kawaida. Maumivu yaliyotanda ukingoni mwa ndani, theluthi mbili za chini, yanayoanza na mruko wa kwanza na kupoa mwili ukipata moto, ni ya kuruka na kukimbia kupita kiasi kwenye sakafu ngumu. Punguza mzigo kwa wiki mbili hadi nne. La tatu ndilo la kuogopa: nukta moja juu ya mfupa, inauma ukiigonga kwa kidole, inauma hata usiku. Huo huenda ni ufa wa uchovu wa mfupa. Begi, kamba na mbio vyote visimame hadi daktari aone.

Chunguza begi kabla ya kulaumu mguu. Begi lililojazwa mchanga mtupu hukaa vizuri mwezi mmoja. Kisha mchanga unashuka, juu panalegea na theluthi ya chini inakuwa jiwe, palepale mateke ya paja yanapotua. Libonyeze kwa kidole gumba kuanzia juu hadi chini. Lisipobonyea chini, limwage. Jaza upya kwa vipande vya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani, vilivyokatwa vidogo visivyozidi kiganja, ukishindilia kila sentimita 20. Kama uzito hautoshi, mchanga uwekwe kwenye vifuko viwili au vitatu vilivyoshonwa, vikae katikati ya begi, vimezungukwa na vitambaa angalau sentimita 10 kila upande. Kilo 30 hadi 40 zinawatosha watu wazima wengi.

Kusugua muundi kwa chupa, au kuugonga kwa fimbo, hakuna kinachojenga. Mfupa hukomaa kwa mizigo midogo inayorudiwa kwa miezi, ukipewa siku za kujijenga katikati, na begi laini linatoa mzigo huo. Hata muundi uliokomaa una kikomo. Tarehe 28 Desemba 2013, Las Vegas, Anderson Silva, mpiganaji wa mapigano mchanganyiko (MMA), alipiga teke la chini, mpinzani wake Chris Weidman akainua goti kulizuia, na mguu wa Silva ukavunjika. Aprili 2021, Weidman mwenyewe alivunjika vivyo hivyo kwa teke la kwanza dhidi ya Uriah Hall, pambano likiwa na sekunde 17 tu. Wote walikuwa na miaka mingi ya begi. Teke la chini linalotumwa bila ngumi ya kumshughulisha mpinzani humpa nafasi ya kuinua goti. Tanguliza ngumi mbili, na lenga nyama ya paja, juu kidogo ya goti. Katika mazoezi ya pamoja, kinga za muundi zivaliwe na wote wawili.

Mgongo wa chini unakaza baada ya mateke ya juu

Nyonga isipopinduka, kiuno hukopa mzunguko. Tazama video ya nyuma: kiwiliwili kinapinda kama upinde huku mkanda umeachwa nyuma. Rudi kwenye zoezi la ukuta, na upunguze urefu hadi pale mgongo unapobaki umenyooka. Maumivu yanayoshuka mguuni au kuambatana na ganzi si ya mwalimu kutibu.

Paja lililopigwa, na barafu

Teke la paja likikuacha unachechemea, kunja goti kadiri linavyoruhusu na weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, kila baada ya saa mbili au tatu siku ya kwanza. Usichuliwe, usiwekewe maji ya moto, usipakwe dawa ya kuchoma kwa siku tatu za mwanzo. Kuchua paja lenye damu iliyovilia ndani huongeza damu, na mara nyingine misuli hutengeneza mfupa humo ndani, jambo linalochukua miezi kuisha. Kidonge cha kuzuia maumivu kabla ya mazoezi kinazima taa ya onyo na kuacha hitilafu pale pale.

Idadi, na kurudi baada ya kuumia

Anayeanza hahitaji zaidi ya mateke 30 hadi 50 kwa kila mguu kwa siku ya mazoezi, siku tatu kwa wiki, na nyongeza ya kama sehemu moja ya kumi kila wiki. Pale kisigino kinapoacha kugeuka kwa uchovu, hesabu imekwisha hata kama mwalimu alisema mia.

Kurudi kunapita ngazi hizi, kila moja ikichukua angalau vipindi viwili visivyo na maumivu wala uvimbe asubuhi inayofuata: kutembea na kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30 macho yakiwa wazi, zoezi la ukuta, hewani nusu kasi, begi kwa mateke ya paja, begi la kiunoni, pedi, mwisho mapambano mepesi. Ikiuma ngazi yoyote, shuka moja. Kipimo cha kuingia kwenye mapambano ni kuruka mbele kwa mguu mmoja: pima kwa futi umbali wa mguu mzima na wa ulioumia. Ulioumia usipofika angalau tisa ya kumi ya mwenzake, unabaki kwenye pedi.